Bluzi: anza na mdomo, gitaa baadaye

Miezi yangu sita ya kwanza na bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi, iliishia kwenye mbio. Nilikuwa napiga gitaa la rizimu kwenye bendi ya hoteli hapa Dar, vidole vyepesi, nikakariri ile skeli ya noti tano kwenye simu, na kila nilipopewa nafasi ya solo niliimwaga yote. Usiku mmoja tukifunga vyombo, mpiga bezi wetu, mtu mzima, akaniuliza: "Kijana, wewe ukiongea huwa humezi mate?" Nilinuna. Nilipokuja kumsikiliza B.B. King, mwimbaji na mpiga gitaa wa bluzi, kwa makini, nikaona aibu.

King akiimba, gitaa linanyamaza. Akimaliza mstari, gitaa linaitikia. Noti tatu au nne, ile ya mwisho anaitikisa kwa kidole hadi inalia, basi. Kwa hiyo mdogo wangu, zoezi la kwanza halihitaji gitaa. Imba, hata kama sauti yako inafukuza kuku. Ubeti wa bluzi mara nyingi una mistari mitatu: wa kwanza, wa pili ambao ni uleule umerudiwa, na wa tatu unaoujibu. Kila mstari umepewa vipimo vinne vya mapigo manne, na mwimbaji hutumia kama nusu tu. Nusu iliyobaki ndiyo ya gitaa. Ukishaizoea nafasi hiyo mdomoni, vile vipimo 12 vinavyowatoa watu jasho hutavihesabu tena. Kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ni tatu tu, ukipigia E unaongeza A na B7, hazitakuchukua muda.

Muda upeleke kwenye kusikiliza. Mimi nilianza na Waingereza wa miaka ya 1960, kumbe nao walikuwa wanafunzi wa sahani za muziki za Wamarekani weusi. Nilikuwa nakopi kopi. Wewe tafuta rekodi mbili za Muddy Waters, mwimbaji na mpiga gitaa wa bluzi. Ya kwanza ni ya 1941, Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za kienyeji, alipofika na mashine ya kurekodia kwenye shamba la pamba la Stovall, Mississippi, ambako Waters alikuwa akiendesha trekta. Wimbo ni "I Be's Troubled". Mwaka 1943 Waters akahamia Chicago, na mwaka 1948 akaurekodi tena kwa jina "I Can't Be Satisfied", safari hii gitaa ni la umeme na nyuma yake kuna bezi.

Zisikilize zikifuatana, hata mara kumi. Kwenye gitaa kavu, lisilo la umeme, noti inazima mapema, mkono lazima urudi haraka. Kwenye la umeme noti ya slaidi, kile kibomba kinachoteleza juu ya nyuzi, inaning'inia, inakwaruza, na Waters anaiacha. Lile gitaa la shambani lisingesikika kwenye baa za Chicago zilizojaa watu. Mimi mabadiliko ya bluzi niliyaelewa hapo.

Kisha rudi nyuma kwa Son House, ambaye Waters alijifunza kwake, na Robert Johnson aliyeacha nyimbo 29 tu, zilizorekodiwa Texas 1936 na 1937, akafa 1938 akiwa na miaka 27. Watakusimulia hadithi kwamba alimuuzia shetani roho yake kwenye njia panda. Wewe sikiliza dole gumba lake linavyoshikilia noti za bezi.

Na wanawake usiwaruke kama nilivyowaruka mimi kwa sababu nyimbo zao hazina solo za gitaa. Aliyeonyesha kampuni za sahani kwamba bluzi inauzika ni Mamie Smith, mwaka 1920, kwa "Crazy Blues". Bessie Smith akafuata. Msikilize huyo Bessie anavyochelewesha neno, halafu jaribu kulichelewesha hivyohivyo kwa uzi mmoja.

John Lee Hooker nimemweka mwisho makusudi. "Boogie Chillen'" ya 1948 ni kodi moja, gitaa moja na mguu unaogonga sakafu. Kwenye nyimbo nyingine alibadilisha kodi alipojisikia, vipimo 12 vikajitafutie pa kwenda. Ukiwa peke yako chumbani, mwige upendavyo. Kwenye bendi usithubutu mpaka mpiga ngoma awe amezoea kuuangalia mguu wako.