Ziara ya raga nje ya nchi: anza na mchezaji wa mwisho kwenye orodha

Saa kumi na moja alfajiri, Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Propu wetu mdogo, mchezaji wa mstari wa mbele, kijana wa miaka 21, alikuwa amesimama mbele ya meza ya afisa wa afya akipekua begi lake kwa mara ya tatu. Akatoa njumu, soksi, kinga ya meno, pakiti ya njugu aliyofungiwa na mama yake. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano haikuwemo, na isingekuwemo hata angepekua mpaka adhuhuri, kwa sababu hakuwa amechanjwa. Habari ya chanjo niliituma mara moja tu kwenye grupu la WhatsApp, mwezi wa sita, ikafunikwa na picha za mazoezi na salamu za asubuhi. Wiki hiyo simu yake ilikuwa kwa fundi.

Mimi ndiye niliyekuwa meneja wa ziara.

Kijana yule alikuwa ameweka shilingi 500 kila wiki kwa wiki 30. Alizipata kwa kuosha magari Jumamosi asubuhi kabla ya kuja mazoezini. Wenzake wakiwa wamenyamaza ndani ya basi, aliniambia, "Nendeni tu, meneja. Mkifika mnitumie picha." Tukampa nauli ya kurudi Nairobi, nahodha akamkumbatia, basi likaondoka. Nimeandaa ziara nyingine tangu hapo, na kila ninachokushauri hapa kinatoka kwenye dakika zile.

Timu yetu ni ya ridhaa. Tuna makanika, mwalimu wa sekondari, waendesha boda wawili, karani wa benki, wanafunzi wa vyuo, na wazee kadhaa ambao magoti yao yanawadai. Hakuna anayelipwa. Msimu wa raga ya wachezaji 15 ukiisha, macho ya wengi yanahamia kwenye mashindano ya wachezaji saba kila upande, na timu ndogo kama yetu hupata nafasi ya kusafiri mwezi wa saba au wa nane. Wenzetu wa Ulaya huita hiyo ziara ya kiangazi. Kwetu Nairobi ndio miezi ya baridi kali, na hilo lina maana yake uwanjani, nitalifikia.

Pesa kwanza. Ukitaka kujua nani ataachwa nyuma, angalia mnavyochanga. Mwaka mmoja tulitangaza bei mwezi wa tano na kutaka malipo yote mwezi wa sita. Wenye mishahara walilipa siku ileile. Wengine walianza kusema "nina kazi wiki hiyo", mmoja baada ya mwingine, na mimi nikaamini. Hawakuwa na kazi yoyote. Walikuwa hawana pesa na hawakutaka kulisema mbele ya watu. Sasa tunaanza Januari, kidogo kidogo kama chama cha kuweka akiba, kwenye akaunti yenye watia saini watatu, na mweka hazina anasoma salio kwa sauti kila mwisho wa mwezi. Mchezaji akiniambia ana kazi, simjibu kwenye grupu. Nampigia simu, au namngoja baada ya mazoezi tuzungumze tukiwa wawili.

Mkipata mfadhili, tafadhali msikimbilie kushona mashati ya ziara. Najua yanapendeza kwenye picha. Sisi pesa ya mfadhili huingia kwenye mfuko ambao ni mimi na nahodha tu tunaojua umemsaidia nani. Mashati ya mazoezi yanatosha kabisa kusafiria.

Stakabadhi ndizo zilizoniumiza, kwa hiyo nitakaa hapa. Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, lakini usibahatishe na karatasi ya kusubiria kitambulisho, wala na kadi iliyovunjika ukaigundisha kwa gundi. Mpango huo wa vitambulisho hauihusu Tanzania, kwa hiyo mwenzetu Mtanzania ilibidi atafute pasipoti, na pasipoti haipatikani kwa siku mbili. Chanjo ya homa ya manjano ni sindano moja na kinga yake inatambuliwa maisha yote, ila cheti chake huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchanjwa. Ukichanjwa Jumatano na basi linaondoka Ijumaa, umepoteza safari. Sisi sasa tunachagua Jumamosi moja mwezi wa sita, tunafuta mazoezi, na timu nzima inakwenda kuchanjwa pamoja. Tukishachanjwa, kadi zote zinaingia kwenye faili moja na faili linalala kwa meneja. Watu watanung'unika kwamba wao si watoto. Waache wanung'unike.

Basi nalo lina kadi yake. Gari la Kenya likivuka kwenda Uganda linahitaji ile kadi ya njano ya COMESA, jumuiya ya kibiashara ya nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, yaani bima ya madhara kwa watu wengine inayotambuliwa katika nchi za mpango huo. Mwenye basi atakwambia anayo. Mwombe akuonyeshe, na usome tarehe. Kuhusu bima ya wachezaji wenyewe, uliza kampuni yenu kwa maandishi kama inalipa mtu akivunjika mguu nje ya nchi. Jibu la mdomo halitakusaidia ukiwa mapokezi ya hospitali saa tano usiku.

Omba pia barua ya chama cha raga cha nchi yako, na wenyeji wenu waombe idhini ya chama chao. Si urasimu wa bure. Barua hiyo ndiyo inayofanya mechi yenu iwe mechi halali, yenye refa aliyepangwa rasmi.

Sasa orodha yenyewe. Sheria za raga zinasema timu ikiandikisha wachezaji 23 kwa mechi, sita kati yao lazima wawe wanaoweza kucheza mstari wa mbele wa skramu, pale timu mbili zinapoinama, kushikana na kusukumana kugombea mpira: propu kushoto, propu kulia na huka, kila mmoja na mbadala wake. Wengi wanaopanga ziara huwatazama wakimbiaji, wale wanaofunga miguso (trai). Mimi nilikuwa na watu sita wa mstari wa mbele, hesabu kamili, na mmoja tukamwacha Malaba. Mechi ya kwanza Kampala, dakika ya 20, mwingine akatoka ameshika bega. Muda si mrefu kabla ya mapumziko huka wetu akakazwa na msuli wa paja, na refa akaamuru skramu zisizosukumana. Wanaojua mchezo huu wanaelewa aibu ya pale. Mnainama, mnashikana, na hakuna anayesukuma. Anayeingiza mpira anautoa, basi. Wenyeji wetu walikuwa na mstari wa mbele mzito ambao ulikuwa umejiandaa wiki nzima kwa ajili yetu. Walikuja kutupa pole badala ya kutubeza, na hiyo iliniuma zaidi. Beba watu wanane wa mstari wa mbele, hata ikibidi umwache winga mzuri nyumbani.

Mwaka ule pia nilikubali mechi tatu ndani ya siku sita kwa sababu wenyeji walikuwa wakarimu na nilishindwa kukataa. Mechi ya tatu tulikuwa na watu 11 wenye afya na tukaazima wanne. Wiki moja, mechi mbili: Jumamosi na Jumatano. Msicheze siku mnayofika. Kutoka Nairobi hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 600, na ukiongeza foleni ya malori mpakani, mtu anashuka kwenye basi miguu imevimba.

Na kila aliyesafiri acheze angalau kipindi kimoja kizima, dakika zote 40. Nahodha aandike hilo kwenye karatasi kabla hamjaondoka na kocha atie saini. Nimemwona mtu amejinyima miezi saba, akavuka mpaka, akapewa dakika sita za mwisho timu ikiwa nyuma kwa pointi 30. Sitaki kuliona tena.

Lile la baridi ni hili. Mnatoka Nairobi ya Julai mkiwa na majaketi, mnaingia Kampala yenye joto, iliyo chini ya Nairobi kwa zaidi ya mita 500. Mapafu yatafurahi. Jasho ndilo litakalowashangaza. Miezi hiyo mvua Kampala hupungua na uwanja unakuwa mgumu, kwa hiyo magoti na viwiko vinachunika kila mtu akikaba. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na dawa ya kusafishia vidonda ya kutosha timu nzima, pamoja na bandeji pana na barafu. Uliza mapema, kwa maandishi, kama ambulensi itakuwepo uwanjani kabla ya mpira kupigwa. Na mtu akigongwa kichwa akaonekana hata kidogo tu kupoteza mwelekeo, anatoka na harudi. Kwa ziara ya wiki moja, huyo amemaliza kucheza. Atakasirika, atakuapia yuko sawa, wenzake watamtetea. Simama hapohapo. Mama yake alikukabidhi wewe.

Jioni ziandalie kanuni kabla ya safari. Timu nyingi zina ile mahakama ya ziara, ambapo mtu anashtakiwa kwa kuchelewa au kusahau tai, na adhabu ni kunywa. Tuna Waislamu, tuna walokole, tuna kijana mmoja ambaye baba yake alimalizwa na pombe na hajawahi kumweleza mtu ila mimi. Adhabu zetu ni kuimba, kupiga pushapu, au kubeba maji ya timu kesho yake. Anayetaka bia yake anainunua na kuinywa kwa amani.

Wajue pia wenyeji wenu na mahali mnaposimama. Tulipofika uwanja wa raga wa Kyadondo, pale Lugogo, Kampala, vijana wetu waliingia wakiimba kwa nguvu. Mzee mmoja wa pale akatukalisha na kutusimulia usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu walipokuwa wamejaa uwanjani kutazama fainali ya Kombe la Dunia la soka na mabomu yakalipuka. Katika mashambulizi ya usiku ule, pale na kwenye mkahawa wa Kabalagala, watu zaidi ya 70 waliuawa. Vijana wetu walikuwa watoto wadogo wakati huo; wengi hawakujua. Tulisimama kimya pamoja nao, jezi zetu na zao zimechanganyika, na baadaye nyimbo zilirudi zenyewe. Nilipaswa kuwaeleza tukiwa bado ndani ya basi.

Chakula kisikutishe. Matoke na karanga humshibisha mchezaji vizuri sana usiku wa kuamkia mechi. Rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, ni kiamsha kinywa cha bei nafuu kwa watu 26. Mkipita msitu wa Mabira simameni Najjembe mnunue gonja, zile ndizi za kuchoma, na kuku wa kuchoma, ila wakati wa kurudi, si wakati wa kwenda.

Propu wetu tulimrudishia pesa zake zote. Hakuzichukua, alisema zikae kwa ajili ya mwaka unaofuata. Mwaka uliofuata ndiye aliyeomba kubeba faili. Basi lilikuwa lianze saa mbili usiku. Saa moja na nusu alisimama mlangoni, faili kifuani, akiita jina moja moja na kutaka kila mtu aitazame kadi yake kwa macho yake mwenyewe kabla ya kupanda. Dereva alipiga honi mara mbili. Kijana hakugeuka. Alikuwa amefika wa 19, na alikuwa bado na saba.