Mteja Wangu Aliyechelewa: Barua ya Urithi Iliyomliza Shangazi

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Tanga, na kalamu nyekundu ndiyo riziki yangu. Ndiyo maana inaniuma kwamba barua iliyomtoa shangazi yangu shilingi 380,000 niliiona wiki tatu baada ya pesa kwenda.

Alikuja nyumbani Jumapili kunikopa milioni moja na laki mbili. Za nini, hasemi. Nilipombana sana akatoa simu kwenye mkoba, akafunga mlango kwanza, ndipo akaniambia, "Mwanangu, kuna mirathi. Imebaki kodi tu."

Nilikwenda kuichapisha ile barua pepe dukani kwa mtu wa steshenari, nikaiweka mezani, nikaanza kuisahihisha kama insha ya mwanafunzi, shangazi ameketi pembeni yangu. Ukurasa mmoja, makosa 31.

Ilianza kwa "Mpendwa Mpenzi". Mwandishi alijitambulisha kuwa wakili wa Lomé, Togo, akasema "mteja wangu aliyechelewa" alikufa kwa ajali ya gari na familia yake yote, hakuacha mrithi. Shangazi alilipita neno hilo bila kusita. Alidhani marehemu alikuwa amechelewa mahali, akakimbiza gari, ndipo akapata ajali. Kumbe kwa Kiingereza neno la marehemu na la mtu aliyechelewa ni moja, "late", na mashine ya kutafsiri ikaokota lisilo lake. Mbele kidogo fedha zinaitwa "mfuko", na mfuko huo "umelala" benki miaka saba. Kisha anahakikishiwa kwamba jambo lote ni "hatari bure". Walitaka kusema halina hatari. Juu imeandikwa dola milioni 9.7, chini milioni 7.9.

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie nami kidogo, maana watu huambiwa tu "angalia makosa ya uandishi" na wanabaki hawajui ni makosa gani. Sote tunakosea tunapoandika. Mkongomani ana Kiswahili chake, Mganda ana chake, Mwarabu wa Muscat aliyekulia Unguja ana chake. Mtu anayeijua lugha nusunusu atakosea ngeli, ataandika "muhuri imewekwa", ataacha herufi. Lakini hakuna hata mmoja wao atakayemwita maiti "aliyechelewa". Binadamu huteleza kwenye sarufi, maana akaipata. Mashine hunyoosha sarufi, maana ikaipoteza. Ukiona sentensi imekaa sawa kabisa lakini huelewi unaambiwa nini, huyo aliyekuandikia hajui alichokuandikia. Barua hiyo imetumwa kwa watu maelfu, kila mmoja kwa lugha yake, na wewe ni anwani moja tu katika orodha. Isome kwa sauti mbele ya mtu mwingine. Jicho hupita juu ya neno bovu, sikio hukwama.

Shangazi hakukubali haraka. "Mtu wa Togo anaongea Kifaransa," aliniambia, "Kiswahili akijulie wapi?" Nilinyamaza, kwa sababu hoja yake ilikuwa na akili. Ubovu wa barua ulimthibitishia kwamba mwandishi ni mgeni kweli. Mwaka 2012 mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, aliandika kwamba barua hizi zinawafaa matapeli zikiwa za ajabuajabu, kwa sababu wenye mashaka huzifuta mapema na tapeli hapotezi muda nao. Anayejibu amekwisha jichuja mwenyewe. Kwa hiyo usimcheke aliyejibu. Shangazi alijibu kwa huruma, alimwonea uchungu mtu aliyekufa na watoto wake.

Wizi wenyewe ni wa zamani. Kabla ya intaneti ulikuja kwa posta na faksi, na jina lake maarufu, 419, ni namba ya kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu. Siku hizi tapeli anaweza kuwa popote.

Kilichomnasa shangazi zaidi ni jina. Waliandika kwamba yeye na marehemu wana "jina la mwisho" moja, kwa hiyo ni ndugu. Sisi wa pwani jina la mwisho ni jina la babu tu. La kwake ni Omari. Kuna Omari wangapi kutoka Lamu hadi Kilwa? Nilimuuliza hivyo, na hapo ndipo nilipouona uso wake ukibadilika.

Na mirathi anaijua! Mumewe alipofariki tulikaa kikao cha ukoo, tukaandika muhtasari, tukafuatilia cheti cha kifo, tukaenda Mahakama ya Mwanzo akateuliwa msimamizi. Madeni yalilipwa kwanza, kisha kila mtu akapata fungu lake kisheria. Hakuna wakili aliyetuchagulia mrithi kwa kufanana majina. Ada ya mahakama tulilipa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, hatukumtumia mtu kwenye simu yake. Wala hakuna aliyetuambia "usimwambie mtu yeyote", maneno ambayo barua ile iliyarudia mara tatu. Mirathi ya kweli hutangazwa.

Baada ya yeye kujibu, mazungumzo yalihamia WhatsApp, kwa "karani wa wakili" aliye Dar es Salaam. Huyo Kiswahili chake kilikuwa safi: "Shikamoo mama. Hati imeshatoka, bado muhuri tu." Hati 180,000, muhuri 200,000. Pesa zote mbili zilitoka kwa huyu mwenye shikamoo. Makosa ya barua ya kwanza yalikuwa onyo, na onyo hilo halikurudi tena. Tena sasa akili mnemba inaandika Kiswahili kizuri kuliko wanafunzi wangu wengi, kwa hiyo uandishi mzuri usikutulize. Uliza wanataka nini: siri, haraka, na pesa yako itangulie kabla ya yao. Vikikutana hivyo vitatu, usijibu hata kwa matusi.

Ukishatuma, pigia mtandao wako wa simu muda huohuo uombe muamala uzuiwe, na namba ya tapeli itume 15040, namba ya kuripoti matapeli hapa Tanzania. Sisi wiki tatu zilikuwa zimepita. Polisi shangazi alikataa kwenda, aliona aibu, nami nikakosea kumwachia.

Mwezi uliofuata akaja tena na simu mkononi. Meseji ilitoka kwa watu waliojiita tume ya kurejesha fedha za waliotapeliwa. Wanasikitika, wameona faili lake, shilingi 380,000 zimepatikana, alipe 50,000 za usajili arudishiwe. Niliisoma mara mbili nikiwa na kalamu. Haikuwa na kosa hata moja.

"Mwanangu," shangazi akasema, "hawa wamejuaje kiasi? Nimekwambia wewe peke yako."

Tulikwenda kituoni siku ileile, na karatasi zote mbili.