Kushukuru safarini katikati ya theluji: tuliyoyapitia I-35 Krismasi ya 2022

Dada mleta uzi, umesema mnaendesha gari kutoka Minnesota kwenda Texas kula Krismasi kwa ndugu, mkiwa na mama yako mzazi na mwanao wa miaka 14 garini. Umesema pia kwamba safari ya mwaka jana ilikuwa baridi, ugomvi na watoto kununa mwanzo hadi mwisho, na unauliza mtabakije na moyo wa shukrani safari hii mambo yakiharibika. Nimesoma majibu ya waliotangulia. Wengi wanakushauri uwakumbushe watoto kwamba wapo wenye hali mbaya kuliko wao. Kwa heshima zote, hapo sikubaliani nao, na sababu nitaieleza.

Jibu langu kwa kifupi: mshukuruni mtu, kwa jambo alilolifanya, tena mlitaje. Msijilazimishe kuishukuru safari yenyewe. Mtoto aliyekaa saa nzima miguu imekufa ganzi ukimwambia "shukuru tu", anachosikia ni "nyamaza". Lakini ukimuuliza leo nani amekufanyia nini, ana cha kujibu.

Sisi tulipita njia hiyo hiyo, barabara kuu ya I-35 inayotoka Minnesota hadi Texas, Desemba 2022, wiki ya dhoruba ile kubwa ya theluji. Tulikuwa mimi, mume wangu, watoto, na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Makete, Tanzania. Makete kuna baridi, na sakitu (umande unaoganda) anaijua tangu utoto wake, lakini hii ilikuwa kitu kingine. Tulipoingia Iowa Alhamisi tarehe 22, hewa ilikuwa chini ya nyuzi -20 za Selsiasi, na upepo ukiuhesabu ilikuwa -35 au zaidi.

Wengi hudhani hatari ni theluji inayoanguka. Siku ile ilikuwa imekwisha kuanguka. Ukitazama juu unaona anga la buluu, ukitazama mbele huoni hata boneti ya gari lako, kwa sababu upepo unaizoa theluji iliyolala mashambani na kuipitisha barabarani. Kaskazini mwa Iowa ni tambarare tupu, hakuna mlima wala msitu wa kuuzuia. Tena kwenye baridi ya namna hiyo chumvi haisaidii sana. Ikishuka chini ya nyuzi -10 hivi, chumvi ya kawaida ya barabarani hupoteza nguvu ya kuyeyusha barafu. Magari ya kuondoa theluji yanapita, na muda si mrefu upepo umerudisha yote.

Tuliiacha barabara kuu tukasimama Clear Lake, mji wa kaskazini mwa Iowa. Mume wangu alitaka tuendelee angalau hadi Des Moines, maana hoteli ya Kansas City tulishailipia na pesa haikuwa ya kurudishwa. Mimi nilikataa. Tukabishana mbele ya watoto na mbele ya mama yake, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia mbele ya mama mkwe. Hoteli tuliyopata ilijaa madereva wa malori, tukapewa chumba kimoja chenye vitanda viwili kwa familia nzima.

Usiku ule mama mkwe ndiye aliyeishika nyumba. Alitukalisha wote vitandani, akagawa maandazi yaliyobaki na chai kutoka kwenye chupa, akasema: "Kwanza kila mtu aseme linalomuuma. Asijibiwe." Tukasema. Binti yangu alilia kwamba Krismasi imeharibika. Mume wangu alisema ameumia kwa ile pesa, na kwamba amechoka kuonekana mtu asiyejali usalama wetu. Hilo la pili sikulitegemea. Nilitamani nijibu, lakini sheria ilikuwa hakuna kujibu, nikanyamaza, na kunyamaza kule kulitufaa kuliko maneno yoyote ambayo ningeyasema.

Baada ya hapo mama mkwe akasema kila mtu ataje mtu mmoja aliyetufanyia kazi siku ile, na aeleze kazi yenyewe. Si "namshukuru Mungu kwa kila kitu". Huyo Mungu, alisema, tutamwomba baadaye na kumshukuru baadaye. Sasa tunataja watu aliowatuma. Mdogo akamtaja dada wa mapokezi. Kumbe walipokuwa wanateremsha mizigo alimsikia akisema hajarudi kwake tangu asubuhi ya jana, mwenzake wa zamu ameshindwa kufika kwa sababu ya barabara. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale mezani kwake, nalipa, na hilo halikunifikia.

Kijana wetu mkubwa alikataa kusema. Bibi yake hakumsukuma. "Ukiwa nalo utasema."

Kesho yake upepo ulikuwa bado, tukabaki. Televisheni ya chumba cha chai ilionyesha habari za Buffalo, New York, magari yamefukiwa na watu wakiwa ndani. Binti yangu akasema, "Afadhali sisi." Mama mkwe akamwambia kwa upole, "Wale tunawaombea, mjukuu wangu. Msiba wa mtu hatuushukurii." Baadaye ilijulikana kwamba zaidi ya watu 40 walifariki katika eneo lile. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa "angalia wenye shida kuliko wewe". Shukrani inayohitaji mwingine aumie ili nipate nafuu sitaki kuwafundisha wanangu. Na kwa vitendo haidumu: mtoto akiona gari jirani lina joto zaidi, imekwisha.

Jioni ile kijana akasema mwenyewe. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, akaona kitu ambacho mimi na baba yake hatukukiona kwa sababu tulikuwa tunabishana: dereva wa lori mbele yetu alipunguza mwendo, akawasha taa za dharura, na ni zile taa tulizozifuata hadi njia ya kutokea. "Bila yeye tusingeona pa kutokea," alisema. Baba yake aliinama, akakaa hivyo muda mrefu.

Asubuhi ya kuondoka, mama mkwe alimshika dada wa mapokezi mikono yote miwili na kumshukuru kwa Kiswahili, binti akitafsiri. Yule dada alilia. Nilichojifunza pale ni kwamba shukrani iliyotajwa chumbani inapaswa kumfikia mwenyewe kila inapowezekana. Watoto walipoona inafika, sikuhitaji tena kuwakumbusha.

Missouri, Kansas na Oklahoma zilipita salama ingawa polepole. Dallas tulifika Krismasi imeshapita, na hata huko ilikuwa imeshuka hadi chini ya nyuzi -10. Dada yangu alikuwa anahangaika na mabomba ya maji yaliyoganda. Tulimkuta amechoka kuliko sisi, tukaingia jikoni.

Sasa maandalizi, maana mtu anayetetemeka hana nafasi ya kushukuru. Tenki lisishuke chini ya nusu. Blanketi, koleo, maji, chakula na tochi vikae ndani mnapokaa, si kwenye buti ambako maji yataganda. Pimeni upepo wa matairi asubuhi, baridi huupunguza. Angalieni hali ya barabara kwenye huduma ya taarifa za barabara ya kila jimbo kabla ya kuvuka mpaka wake. Mkikwama, bakini garini, na kabla ya kuwasha injini mhakikishe bomba la moshi halijazibwa na theluji, kwa sababu ile hewa yenye sumu haina harufu na inaua. Wekeni pia akiba ya usiku mmoja wa hoteli ambao hamkuupanga. Nusu ya ugomvi wetu ilikuwa pesa ile.

Kwa mama yako: viatu vya theluji avivae kabla ya safari avizoee, na mpe kiti ambacho hewa ya moto inafika miguuni. Mwanao wa miaka 14 usimlazimishe kutaja mtu siku ya kwanza. Mpe kiti cha mbele.