Kichwa cha nyati juu ya televisheni

*Shangazi, ninaishi Nyegezi, Mwanza. Mume wangu amerithi kichwa cha nyati kilichokaushwa, ambacho baba yake mkubwa alikipata katika mawindo ya mwaka 1975, akakitundika sebuleni. Manyoya yanadondoka kwenye makochi, mtoto hapiti hapo usiku, na sasa mwenzangu ameahidiwa ngozi ya pundamilia ya kutandika sakafuni. Nikilalamika, naambiwa sijui mapambo.*

Mwanangu, suala la mapambo tuliweke kando kwanza, kwa sababu huo mwaka ulioutaja umenishtua. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1973 na haikuufungua tena hadi 1978. Huenda mzee alikosea mwaka, maana hadithi za mawindo hunenepa kila zinaposimuliwa, lakini Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haisikilizi hadithi: kukaa na nyara bila hati ya umiliki ni kosa linaloweza kumfikisha mtu gerezani, hata kama alirithi. Mwulize baba watoto, kwa upole na mkiwa wawili tu, hati iko wapi. Kama haipo, msikiuze, msikichome wala msikitupe ziwani. Muoneni wakili, kisha awaongoze kwenda Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA). Ngozi ya pundamilia isivuke kizingiti chenu kabla karatasi zake hazijaonekana.

Kuhusu manyoya, usiyachukulie kuwa uchafu wa kawaida. Unyevu wa ziwa huotesha ukungu kwenye ngozi, na viluwiluwi vya nondo huitafuna taratibu hadi manyoya yakose pa kushika. Isitoshe, wakaushaji wengi wa zamani walipaka ngozi sumu ya aseniki ili wadudu wasiisogelee, na sumu hiyo haiishi kwa kupita miaka. Kwa hiyo usikipanguse kwa ufagio wa manyoya. Vaa glavu na barakoa, okota yaliyodondoka kwa kitambaa chenye maji, na mtoto asichezee chini yake.

Mumeo, nionavyo mimi, hapendi nyati kiasi hicho. Anamlilia baba yake mkubwa. Ukimwambia kichwa kinatisha, anasikia kwamba mzee wake anafukuzwa. Akitaka sebule yenye sura ya porini na ziwani, mgono wa zamani wa kutegea samaki, kasia lililochakaa na vigoda vya mti vitatosha, wala havihitaji kibali cha mtu. Na pale kwenye msumari wa nyati, mwombe atundike picha ya mzee mwenyewe.