Jibu: Turubai au mkeka nje ya gari-nyumba?

Ndugu, kati ya turubai na mkeka wa plastiki wa kutandika mlangoni pa gari-nyumba (gari la kulala ndani mkiwa kambini), mimi ningechukua mkeka uliofumwa kwa nyuzi za polipropilini, aina ya plastiki. Maji na mchanga hupenya chini, na nyasi hupata hewa. Turubai huzifunika mpaka ziwe manjano, jambo ambalo wenye kambi wengi hawalipendi. Hata huo mkeka, uinue mara kwa mara mkikaa siku nyingi. Angalia pembeni kuna matundu yenye pete za kupitishia vigingi, maana upepo hauna adabu. Kuusafisha si kazi: kung'uta, mwagia maji, sugua kwa brashi laini. Ila usiukunje ukiwa mbichi! Ukungu utanuka gari zima. Na jiko la mkaa likae mbali, cheche moja tu inatoboa.