Mbolea mbili kwenye shamba la mteremko

Mdogo wangu, umeuliza kama inatosha kuweka samadi nusu ya juu ya shamba lako la viazi kule Umalila na mbolea ya dukani nusu ya chini, kisha uhesabu magunia ili ujue ipi inazaa zaidi. Haitoshi. Mvua hushusha udongo mzuri bondeni. Piga jembe mara moja juu, mara moja chini, uone weusi ulivyo tofauti. Ukivuna zaidi chini, hutajua kama ni mbolea au ni bonde.

Gawa shamba kwa mikanda inayokatisha mteremko kama makinga maji, tuseme mitano. Kila mkanda uwe na vipande viwili sawa, kando kwa kando, ili vyote viwe kwenye udongo unaofanana, halafu rusha shilingi kuamua kipi kipate samadi. Usichague kwa macho, tafadhali. Macho yana upendeleo hata moyo ukiwa safi. Mtaalamu wa takwimu Ronald Fisher aliijenga njia hii miaka ya 1920 kwenye kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza.

Siku ya kuvuna, pima kwa mzani mazao yote ya kipande, isipokuwa matuta ya mpakani, maana mbolea ya upande wa pili hupenya. Usiokote vya juu ya gunia tu, wapakiaji huweka vikubwa pale.