Wadogo zangu wa kitaluni, msikung'ute mizizi ya bogenvilia

Jana jioni nimemkuta kijana wetu mpya kaushika mche wa bogenvilia shingoni, kiriba (mfuko wa plastiki wa mche) keshakichana, anaukung'uta udongo ili mizizi "ipate hewa". Nimemnyang'anya. Usingizi haukuja, ndiyo maana naandika.

1. Maji. Bogenvilia si mchicha. Chomeka kidole kwenye udongo. Ukikuta unyevu, weka keni chini. Mnamwagilia asubuhi na jioni, mnaongeza na mbolea ya urea, halafu mnaniuliza mbona majani tele na maua hakuna.

2. Jua. Chini ya mwembe haichanui. Hamisheni.

3. Kupanda. Hapa nisikilizeni vizuri. Mwaka wangu wa pili kazini, mama mmoja wa Mbezi aliagiza miche 30 azungushie ukuta kabla ya harusi ya binti yake. Viriba vilikuwa vizito, na mimi sikutaka kulipa guta safari mbili. Nikachana vyote, nikakung'uta udongo, nikaviringisha mizizi kwenye magunia yaliyolowa. Yote ikaenea safari moja, nikajiona mjanja.

Siku ya tatu majani yakalegea. Nikamwambia mama, "Inazoea ardhi." Wiki ya pili nilikuwa nafika alfajiri kabla hajaamka, nakwaruza gome kwa ukucha, mche mmoja baada ya mwingine. Chini ya gome pakiwa kijani, mti uko hai. Nilikuta kahawia, kahawia, kahawia. Iliyopona ni minne. Na bado nikamwambia inazoea ardhi. Alipojua, hakupiga kelele. Alisema, "Mwanangu, maua ningenunua kwingine. Ungeniambia mapema." Miche ile nililipa kwa kukatwa mshahara miezi mitatu, lakini ile sentensi yake sijamaliza kuilipa.

Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na hukatika upesi; ile inayonywa maji imo ndani ya bonge la udongo. Kwa hiyo kiriba kinachanwa shimoni: kitako kwanza, unashusha na bonge lake, ndipo unapasua ubavuni na kukivuta taratibu.

4. Mteja akisifia ua, mfunulie. Hizo rangi ni majani matatu yaliyokumbatiana; maua yenyewe ni vile vijibomba vyeupe katikati. Mzee mmoja mstaafu nilimwonyesha hivyo, akavaa miwani, akakaa kwenye ndoo nusu saa akifunua moja moja, akaondoka na miche sita. Nilimweleza pia kwamba asili yake ni Amerika Kusini, na kwamba Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea Mfaransa, aliukuta mmea huu Rio de Janeiro mwaka 1767, akiwa katika msafara wa meli za Louis Antoine de Bougainville, ndipo lilipotoka jina. Wateja wanapenda kujua wanachopanda kimetoka wapi.

5. Pogoeni maua yakishapukutika, kwa sababu mapya huja kwenye tawi jipya. Vaeni glovu. Vipandikizi viwe unene wa penseli, vichomekwe kwenye mchanga, wala visichomolewe kila siku kuangalia kama vimeota mizizi. Nawaona.

Mche wa jana nimeurudisha kwenye kiriba, nimepunguza matawi, nimeuweka kivulini. Leo asubuhi nimekwaruza: bado kijani. Kijana, kesho kwaruza wewe. Ukikuta kahawia, njoo uniambie siku hiyohiyo.